Mwenye Kitufe Ndiye Mwenye Zamu

Chumba cha nyuma, duka la ushonaji,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana,
tarehe kumi na nne, mwezi wa sita.

Mpendwa kaka yangu, Mkalimani wa nyumba yetu,

Shikamoo. Kabla sijasema langu, nataka habari za goti lako. Kwenye barua uliandika kwamba linaendelea, ila hukusema linaendelea kupona au linaendelea kuuma. Nakujua, wewe ni mtu wa kuficha maumivu mpaka ubebwe. Wifi aniandikie yeye, mkono wake hauna uongo. Na hao wanangu, mafua yamewaisha? Waambie shangazi yao anawashonea makoti mazito ya hiyo baridi yenu, lakini wasikue tena mpaka nimalize.

Sisi huku ni wazima. Mgongo wangu ni ule ule wa mtu anayeshinda ameinama juu ya cherehani. Paa lilianza kuvuja juu ya meza ya kukatia, nikaliziba mapema nisije nikajenga ukuta. Mpwa wako amenenepa kwa furaha, na kila nikimpima gauni la harusi inabidi niachie mshono. Nimemwomba apunguze furaha kidogo hadi mwezi wa tisa, hanisikii. Mchumba wake, yule fundi wa miwani, anasema mimi ndiye ninayekosea vipimo. Nimemsamehe kwa kuwa bado ni mgeni.

Sasa nije kwenye lile uliloandika, kwamba nisihangaike, siku ya harusi utasimama wewe useme maneno ya mzazi badala yangu.

Najua umelisema kwa mapenzi. Mwaka ule uliporudia darasa tukawa pamoja (usikasirike, ni kweli), ni wewe uliyekuwa unaniitikia mwalimu alipoita majina, mpaka mwalimu akauliza wewe ni watu wangapi. Ni wewe uliyekuwa ukitumwa dukani pamoja nami, maana mimi peke yangu ningesimama kwenye neno sukari hadi duka lifungwe. Watoto waliponiita Cherehani kwa jinsi nilivyokuwa nikigonga silabi moja bila kuondoka, ulipigana nao, na mara nyingi ulipigwa. Mimi nikaja kuwa fundi cherehani kweli, ili wakome.

Basi nilipoisoma barua yako nilishukuru, kisha nikalia, kisha nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Huyu ni binti yangu wa pekee. Tangu shemeji yako atutoke, mzazi aliyebaki ni mimi. Natamani asikie baraka zake kwa sauti ya mama yake, hata kama ni sauti inayokwama. Kama nilichelewa kukujibu, ni kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na limepitia njia ambayo hutaiamini. Vuta kiti.

Kaka, nimekuwa mtu wa redio. Si redio ya kusikiliza taarifa ya habari. Ni ile ya kuzungumza na watu usiowajua, walio mbali, kwa kupenda tu. Nina leseni kabisa, yenye picha, na kwenye picha nimetoka kama mtu anayedaiwa.

Unamkumbuka fundi wa majokofu ambaye duka lake na langu vimetengwa na ukuta wa mbao? Yule ambaye ukitaka kumwambia mvua inakuja, yeye keshafungua mwavuli. Katika wote wanaonimalizia maneno, yeye ndiye bingwa. Siku moja nilienda kwake kuazima koleo. Nilipoanza tu "ko", akaniletea kopo, halafu komeo, halafu kofia yake mwenyewe. Nikarudi na kofia.

Basi mtu huyo jioni akimaliza kazi huwasha redio yake, na mimi nikiwa napiga pasi namsikia kupitia zile mbao. Kilichonishangaza si redio. Ni fundi kunyamaza! Mwenzake akisema, yeye kimya mpaka yule amalize yote aliyonayo, ndipo naye aanze. Na akianza, hakuna anayemdakia. Nikasikiliza jioni ya kwanza, nikasikiliza ya pili, nikadhani anaumwa.

Nikamwendea kumuuliza. Niliandika swali langu kwenye karatasi ya kukatia mitindo ili asipate nafasi ya kulimalizia. Akanieleza kwamba redio hizo zina kitufe. Ukikibonyeza, unasema na husikii kitu. Ukikiachia, unasikia. Ukiwa umebonyeza, hewa ni yako, na adabu ya wengine ni kungoja. Anayekuingilia humsikii hata akipasuka, na wenzake watamsema. Kwa kifupi, mwenye kitufe ndiye mwenye zamu.

Nilirudi dukani nikakaa kitako. Umri wangu wote huu sijawahi kupewa zamu nikaimaliza. Hata mama, Mungu amrehemu, alikuwa ananidakia kwa huruma. Nikasema moyoni, hicho kitufe nakitaka.

Kujifunza kulikuwa kutamu. Fundi alinifundisha mambo ya umeme, mawimbi na sheria za hewani: hakuna matusi, hakuna biashara, na kila mara ujitambulishe. Mtihani ulikuwa wa kuandika, na kwa kuandika unanijua, sina mpinzani. Nilimaliza wakati wengine bado wanachonga penseli.

Redio nilinunua yangu, kuukuu, na antena tuliitengeneza wenyewe kwa bomba la shaba lililotoka kwenye kiyoyozi kibovu. Urefu wake lazima uwe sawasawa, la sivyo nguvu inarudi ndani ya redio badala ya kutoka kwenda kwa watu. Fundi alitaka kukata kwa macho. Nikampokonya msumeno, nikapima kwa futi yangu ya kupimia viuno. Alipopanda juu ya paa kuifunga, mguu ukateleza, akabaki amekumbatia mlingoti anamwita mkewe. Aliye juu mngoje chini, nami nilimngoja nimeshika ngazi na kicheko.

Pigo lilikuja pamoja na leseni. Hewani hakuna kujiita mama fulani. Kila mtu anapewa jina la herufi na tarakimu, na kila herufi ina neno lake, lile lile dunia nzima, ili zisichanganywe. Ofisi ikanipa jina linaloishia na P, K na T. Yaani Papa, Kilo, Tango. Fundi akacheka akasema nimetumwa sokoni. Mimi sikucheka. Unazijua herufi zinazonikaba. Kama wangeketi kikao watafute jina nisiloweza kulitamka, wasingepata lingine. Na sheria haina mlango wa nyuma: bila kusema jina lako, huna ruhusa ya kusema neno jingine.

Jaribio la kwanza fundi alikaa pembeni yangu. Nilibonyeza, nikakwama kwenye Papa, na yeye kwa mazoea akafungua mdomo anisaidie. Nikazima redio. Aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma yeye.

Nikaanza mazoezi peke yangu. Redio ikiwa imezimwa, ulimi ulikuwa unateleza kama wako. Hilo unalijua, nikiwa mwenyewe au na paka sikwami. Kwa hiyo mazoezi ya namna hiyo yalikuwa kazi bure. Nilihitaji ile taa ndogo nyekundu inayowaka ukibonyeza, ile inayokwambia sasa uko mbele za watu. Basi mchana, fundi akiwa majumbani kwa wateja na hewa ikiwa tupu, nilikuwa nawasha, naliita jina langu mpaka liishe, naachia kitufe, nangoja kidogo, kisha nazima. Na ili moyo usinipasuke sauti ya mtu ikitokea ghafla, nilikuwa nateremsha sauti ya redio mpaka chini kabisa.

Umeuona ujinga wa dada yako? Nilikuwa nabisha hodi huku nimeziba masikio. Kila mchana naita, nasikia kimya, najiridhisha kwamba hakuna mtu. Nilianza hata kufurahia.

Mpaka jioni moja, nikiwa napiga pasi suruali ya mteja, nikasikia kupitia mbao sauti ya mama mmoja ambaye, akishataja herufi zake, wote humwita Mkunga, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Yuko mji wa mbali, nyuma ya milima, na sauti yake hutufikia kwa msaada wa mtambo uliosimikwa kileleni. Alikuwa anawauliza wenzake, huyu Papa Kilo Tango anayeita kila mchana ni nani? Alisema anamjibu kila siku na hapati itikio. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mtu wa zimamoto zamu ilipomfikia akasema hata yeye amemjibu, labda redio yake ni mbovu, mwenye kumjua akamwangalie. Fundi, anayenijua, hakunitaja. Pasi niliisahau pale pale, na suruali ya watu ikaungua goti.

Aibu iliyonishika sikuwa na pa kuiweka. Kumbe wamenisikia! Kila mchana nikigonga pa, pa, pa kama mtu anayekimbizwa, miji yote hiyo ilikuwa inasikiliza. Nilichomoa waya, nikaifunika redio kwa kitambaa cha bitana, nikamwambia binti yangu kwamba siku ya harusi mjomba wake ndiye atakayesema. Akaniangalia kidogo, akasema sawa, mama. Ile sawa yake ilikuwa fupi mno. Iliniuma kuliko kama angelalamika.

Siku kadhaa zikapita fundi hasemi kitu, jambo ambalo si la kawaida yake. Mwishowe akaja akasimama mlangoni, akaniuliza kwa nini siwajibu watu. Nikaanza kumweleza, nikakwama. Nakuapia, kaka, mtu yule alijibana midomo kwa vidole viwili kama mtoto aliyekatazwa kucheka, akangoja. Nikafika mwisho: nilikuwa nimeteremsha sauti. Kisha nikamuuliza lile lililokuwa linanila, je, walisema nini kuhusu ninavyoita?

Akanikumbusha kitu nilichokisoma kwa ajili ya mtihani na kukisahau. Hewani mtu akikuita, unampa alama ya jinsi maneno yake yanavyokufikia. Moja maana yake hueleweki hata kidogo. Tano maana yake kila neno limefika.

"Mkunga alikupa tano," akasema. "Siku zote alizokusikia. Na mzee wa zimamoto naye tano. Hakuna aliyekupa pungufu."

Nilimwambia aende kwake, kwa sababu nilitaka kulia bila mtazamaji. Mimi, tano? Mimi niliyekuwa nikirukwa kila darasa likisoma kwa sauti? Wale watu hawakuwa wananihurumia, hata hawanijui. Waliulizwa kama neno limefika, wakajibu kwamba limefika. Kwamba lilichelewa njiani hakuna aliyelitaja, maana hewani hilo halina alama yake.

Jumatano moja nikaondoa kile kitambaa. Binti yangu alikuwepo, amevaa gauni lililojaa pini, hawezi kukaa wala kukimbia. Nikarudisha waya, nikapandisha sauti mpaka juu, nikabonyeza.

Papa ilikataa. Taa nyekundu inawaka, mimi nagonga, jasho linanishuka mgongoni. Upande wa pili wa mbao nyundo ya fundi ikanyamaza. Binti yangu akapiga hatua kunijia, nikamwonyesha kiganja abaki palepale. Hakuna aliyeniingilia, kaka. Hata angetaka, nisingemsikia. Papa ikatoka. Kilo ikaja na taabu zake. Tango ikanikalia kooni, nikaacha kuisukuma, nikapumua, ikashuka taratibu. Nikaachia kitufe.

Papo hapo akaja mtu, akataja herufi zake, akajibu: "Papa Kilo Tango, hapa ni Mkunga. Nimekupata tano. Karibu sana, zamu yako."

Nikaishika redio kwa mikono miwili. Aliniuliza kwa nini siku zote zile sikuwa nikimwitikia. Nikamweleza ukweli, kwa kukwama na kuendelea, na alipopata picha ya mtu anayeita huku ameziba masikio alicheka mpaka akasahau kuachia kitufe, tukabaki miji mizima tunamsikiliza anavyotafuta pumzi. Nami nikacheka. Baada ya hapo ikawa rahisi, au tuseme haikuwa ngumu kama mwanzo. Nikamweleza kuhusu kigugumizi. Nikamweleza kuhusu harusi, na kwamba kaka yangu anakuja kusema badala yangu. Sijui kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua mambo ya nyumbani. Akaniambia nimefanya vema, mficha uchi hazai, na kwamba hilo analisema kwa uzoefu wa kazi yake.

Kisha akaniambia ningoje. Akaomba kila aliyekuwa anasikiliza ajitaje, mmoja mmoja. Mzee wa zimamoto akajitaja. Akaja mwoka mikate ambaye alikuwa ametoka tu kutoa mikate tanuruni. Akaja muuguzi, akaja mama wa maktaba, akaja kijana wa kupima ardhi aliye porini na vyombo vyake. Waliendelea kuja mpaka nikaacha kuwafuatilia, kila mmoja akisema jina lake na mji wake, na kila mmoja akinipa tano.

Mkunga akarudi mwisho wao. "Hawa wote wamekungoja umalize na hakuna aliyechoka," alisema. "Sasa niambie, huo ukumbi wenu wa harusi unatisha kitu gani?"

Nilipogeuka, mpwa wako alikuwa analia wima, katikati ya pini zake, na mimi nikamwambia asiiloweshe hariri.

Tangu hapo nipo hewani kila siku, na nakwama kila siku, usije ukadhani nimepona. Mwoka mikate ananiuliza habari za mishono ya mkewe, mzee wa zimamoto ananisimulia magonjwa yake yote kwa mpangilio. Jana fundi alilalamika kwamba siku hizi nashikilia kitufe muda mrefu mno na wengine hawapati nafasi. Kaka, sijawahi kulalamikiwa hivyo tangu nizaliwe. Nilimwomba arudie malalamiko yake, niyasikie vizuri.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichoniletea nakitunza kwa gauni lake la harusini, anitumie vipimo, vya sasa na si vya zamani. Wabusu wanangu. Yule mkubwa akazane na masomo, na yule mdogo apunguze kupanda juu ya makabati. Fundi wa majokofu anakusalimu, na safari hii salamu zake amenipa kamili, kwa utulivu. Mpwa wako amesema atakuandikia mwenyewe. Mungu alilaze goti lako mahali pema, namaanisha likae sawa na lisikusumbue, na akulinde kazini na njiani.

Sasa jibu la barua yako. Njoo harusini. Goti likipona njoo, lisipopona njoo hivyo hivyo, tutakutafutia kiti cha mbele. Lakini usiandae maneno. Nitasimama mimi.

Usione nimekufukuza kazi. Umekuwa mdomo wangu tangu tulipokuwa watoto, na bila wewe ningekaa kimya maisha yangu yote. Nakuomba jambo moja tu, na najua ni gumu kwako kuliko kupigana. Siku ile nitakwama, tena hapo hapo kwenye jina la binti yangu. Ukumbi wote utageuka kukutazama wewe, maana ndivyo walivyozoea, na neno utakuwa nalo tayari mdomoni kabla yangu. Usiliseme, kaka. Ningoje. Nitafika.

Mdogo wako akupendaye.